Somo wa Mtoto wa Rukia

Kaeni vizuri. Hadithi hii ina mlango wa kuingilia, na huo nitawafungulia mimi. Wa kutokea mtautafuta wenyewe, na msipouona msinilaumu, maana hata mimi sijauona.

Palikuwa na bonde la mpunga liitwalo Nyamilele, kandokando ya mto. Mpunga ukianza kutoa mashuke, watu wa bonde hilo walihama majumbani wakaenda kuishi mashambani, juu ya madungu. Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, mwenye shamba akae humo aamie ndege wasile mpunga, mchana kutwa kwa kelele, kwa debe na kwa kombeo. Kila shamba na dungu lake, kila dungu na mtu wake, na mpunga umesimama katikati, hata jirani yako humwoni, unamsikia tu.

Katika bonde hilo walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Kuruthumu alikuwa na nguvu. Akishika upondo, mtumbwi ulikwenda anakotaka yeye, si anakotaka mto. Wanaume waliokuwa wakimcheka kwa mabega yake mapana ndio hao hao waliomwita mizigo yao ilipokwama.

Bi Habiba alikuwa na ujuzi. Alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa Nyamilele walipita mikononi mwake kabla ya kupita popote. Alilijua hilo, na hakuwaacha walisahau.

Mwantumu alikuwa na sauti. Huyu alizaliwa na akili inayokwenda polepole. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na hata alipokuwa mtu mzima, ukimpa maneno mengi kwa pamoja aliyaacha yote. Ukimpa moja moja aliyashika, na neno akishalishika haliachi. Alipenda chai yenye sukari nyingi, alichukia kuitwa mtoto, na ukimcheka alinuna mpaka keshokutwa. Wenye adabu walimwita mgonjwa, ingawa hakuumwa popote. Wasio na adabu walimwita majina ambayo mimi sitayatia kinywani.

Na alikuwapo wa nne, ambaye kipawa chake kilikuwa kushuku. Huyo ni Bi Zaituni. Ukimwamkia alijiuliza unataka nini. Ukimletea uji aliunusa kwanza. Kuku wake alimfunga mguu kwa kamba, kisha akamuuliza jirani mbona anaitazama sana ile kamba. Hakuwa mtu mbaya, naapa. Aliwahi kuumwa na nyoka, basi hata ung'ongo ulimshtua.

Sasa sikieni desturi ya Mwantumu. Kila asubuhi, ndege wakishatawanyika, alisimama juu ya dungu lake katikati ya bonde akawaita watu. Alianza na aliyekaa karibu kabisa na mto, akaja hivyo hivyo mpaka wa mwisho penye barabara. "Fulani eee!" Naye fulani sharti aitike, "Eee!" Asipoitika, Mwantumu hakwenda kwa mwingine. Alirudia jina lile lile mpaka ajibiwe. Hakuna aliyemtuma kazi hiyo. Watu walichoka nayo, wakaitika ili anyamaze, na mwenzao akiwa amelala au amekwenda kuchota maji, wa jirani alimwitikia kwa sauti ya kubana. Ndivyo walivyozoea. Mtu mmoja anaitika kwa ajili ya mwingine, Mwantumu anasonga mbele, na ndege nao wanarudi.

Aliyekaa karibu kabisa na mto msimu huo ni Rukia, mke wa Shabani mtoto wa Bi Zaituni. Shabani alikuwa safarini. Rukia alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa bado, kwa hesabu ya watu. Dungu la mama mkwe lilikuwa la pili, shamba kwa shamba, ila kona ya mto na matete viliwatenganisha wasionane.

Asubuhi moja, jua linawaka na hakuna wingu, Mwantumu akaita. "Rukia eee!"

Kimya.

"Rukia eee!"

Bi Zaituni alikuwa anapuliza moto wake wa chai. Akasikiliza, akasonya. Moyoni alisema, huyu mkwe wangu amelala tena. Tangu apate mimba amepata na usingizi, na ndege wanakula mpunga wa mwanangu. Kwamba mjamzito huenda ana jambo jingine la kumnyamazisha, hilo halikumjia, kwa sababu shaka yake ilikwisha kaa kwenye uvivu na haikuwa na nafasi ya pili.

"Rukia eee! Rukia eee!"

Sauti ile ilimwingia Bi Zaituni kwenye meno. Akasimama, akaelekeza mdomo upande wa mto, akaipunguza sauti yake mpaka ikawa ya msichana, akaitika, "Eee!"

Kisha Mwantumu akasema kwa nguvu, kila mtu akasikia, "Siyo wewe, Bi Zaituni. Rukia eee!"

Watu wakacheka madunguni. Bi Zaituni aliona haya, akakasirika, akashuku kwamba huyu anajifanya tu mjinga ili awatie watu aibu. Akarudi kwenye chai yake.

Mwantumu akateremka. Hilo hakuwahi kulifanya. Alipita kwenye matope mpaka kwenye kijito, akamkuta Kuruthumu anafungua mtumbwi wake. Akaushika ugwe wa kufungia mtumbwi akajizungushia mkononi.

"Rukia haitiki," akasema.

"Amelala, dada. Niachie kamba, nina haraka."

"Haitiki."

"Mwantumu, niachie, tafadhali."

Mwantumu akakaa chini kwenye tope na ugwe wake mkononi. Kuruthumu aliweza kumng'oa pale kama mche wa mpunga, lakini alimtazama usoni, akaona machozi. Tangu utoto wao wa pamoja hakuwahi kumwona Mwantumu akilia bila kuchekwa. "Haya," akasema, "nakwenda kumwangalia huyo Rukia wako. Akiwa amelala, leo hunywi chai yangu."

Alipopiga kona ndipo akaona. Mto ulikuwa umevunja ukingo. Mvua ilinyesha huko juu mtoni, mbali na Nyamilele, na maji yalikuja yenyewe, bila radi wala taarifa. Mpunga wa upande wa Rukia ulikuwa umelala wote, njia hazionekani, na dungu limebaki peke yake katikati ya maji, ngazi imechukuliwa. Wanaume waliosimama ukingoni walimwambia angoje yapungue. Kuruthumu hakungoja. Akapitia kwanza kwenye kichuguu lilikokuwa dungu la Bi Habiba, maana alijua akimkuta Rukia ameshikwa na uchungu mabega yake hayatamsaidia kitu.

Basi, wale wanawake wakafanya kila mmoja la kwake.

Kuruthumu aliuvusha mtumbwi. Upondo ulivunjika katikati ya mkondo, akaruka majini, maji yenye mamba na kila mtu anajua, akauvuta mtumbwi kwa ugwe, akijishika kwenye nguzo za madungu ya msimu uliopita, mpaka akaufikisha. Mikono yake ilichunika.

Bi Habiba alipanda juu. Alimkuta Rukia amelala kwenye miti, sauti imemkauka, na mtoto yuko njiani na kitovu shingoni. Akakitegua, akamtoa, akamfuta kinywa, akampulizia, akamsugua mgongo, mpaka yule mtoto aliyekuwa wa rangi ya samawati akawa mwekundu akalia. Kisha akamkanda mama tumbo damu ikakata, na wakati wote huo dungu linatikisika.

Na Mwantumu alibaki ukingoni, anaita. Sauti ilimwisha, lakini hakuacha, mpaka mtumbwi uliporudi na Rukia ndani yake, na Rukia akanyanyua mkono akasema, "Eee."

Hapo Mwantumu akageuka upande wa pili, akamwita aliyefuata.

Mtoto alikuwa wa kike.

Sasa ingekuwa hadithi ya furaha, na ningewaambia mkalale, lakini katika ukoo wa Bi Zaituni mtoto aliyezaliwa katika hatari hupewa jina la aliyemwokoa. Mwenye jina huwa somo yake, na usomo huo si wa midomo. Somo humvika mtoto nguo ya kwanza, humkanya bila kuomba ruhusa, na akizeeka mtoto yule humtunza kama mama yake mzazi. Kuruthumu hakujaliwa mtoto. Bi Habiba alizalisha wa watu wote na wa kwake akawazika. Mwantumu alikaa kwa kaka yake Mbwana, ambaye alimlisha, lakini wageni wakija alimwambia akakae uani. Kila mmoja wao alilihitaji jina lile. Na mwenye kulitia sikioni mwa mtoto, kwa desturi, ni bibi mzaa baba.

Shabani akarudi, mbuzi akachinjwa, watu wakajaa uani. Bi Zaituni akapewa mtoto mapajani. Macho yake yakawa yanatembea kwenye nyuso za watu, na kila uso aliuona kama wa mtu aliyeficha mkono nyuma.

Bi Habiba akaanza. "Mimi sina maneno mengi. Mtoto hakuwa na pumzi, nikampa ya kwangu. Kama yupo mwingine aliyempa pumzi, ajitokeze."

"Ulimpa," akasema Kuruthumu, "lakini waambie pia ulichosema pale kichuguuni. Mimi natweta, mtumbwi unapigwa na maji, naye ameshika kiuno. Akasema, nikipanda, mtoto ni somo yangu, nikubalie kwanza. Nikakubali, ndipo akatia mguu."

Watu wakaguna. Bi Habiba hakukana. "Nilisema. Mimi mzee, siogelei, na sina wa kunizika. Mtu akienda kufa huruhusiwa kusema anachokitaka."

"Na wewe je?" akaendelea, akimgeukia mwenzake. "Ule mtumbwi ulikuwa unaufungua asubuhi ile uende wapi? Mbona ndani yake tulikalia madema ya kuvulia ya Mzee Kiroboto, na samaki wanarukaruka?"

Hapo kicheko kikapasuka, isipokuwa kwa Mzee Kiroboto. Kuruthumu akainamisha kichwa. "Nilichukua samaki wa watu, ni kweli, na siku ile nilikuwa narudi kuongeza. Lakini nilipoingia majini na mamba, sikuingia kwa ajili ya samaki."

Bi Zaituni alisikia raha ya ajabu. Siku zote alisema watu hawa si bure. Mmoja aliokoa kwa masharti, mwingine akiwa njiani kwenda kuiba. Akamtazama wa tatu.

Mwantumu alikuwa amekaa mkekani karibu na Rukia, ana kikombe cha chai, anakizungusha sukari ipande.

"Na huyu," akasema Mbwana kaka yake kabla hajaulizwa, "msimtie katika mambo haya. Nawashukuru, lakini ataleta kicheko. Yeye huita watu kila siku. Angeita hata kama hakuna mafuriko. Hakujua anachofanya."

Ni kaka yake aliyesema hivyo, na alisema kwa upole. Rukia akaweka mkono juu ya goti la Mwantumu.

"Shemeji Mbwana," akasema, "mimi nilikuwa juu ya dungu. Niliita mpaka sauti ikanikimbia. Nikasema nimekwisha, hakuna anayejua. Kisha nikasikia jina langu, na tena, na tena. Sikuweza kuitika, lakini nilijua yupo mtu mmoja duniani ambaye hatakwenda mbele mpaka nimjibu. Bila hivyo ningefumba macho."

"Mwanangu," akasema Bi Zaituni, "hatubishani. Lakini jina humfuata mwenyewe. Unataka mjukuu wangu naye..." Hakumalizia. Alimtazama Mwantumu, akaona anamsikiliza.

"Nimalizie mimi, mama," akasema Rukia. "Unaogopa mtoto atakuwa na akili nzito kwa sababu ya jina. Lakini Mwantumu huyu alipewa jina la bibi yake, siku ya saba, kabla mtu yeyote hajajua kwamba atachelewa kusema. Na bibi yake, Mwantumu mkubwa, ndiye aliyekuwa akiamua kesi za bonde hili zima, akili yake inakata. Kama jina hufuata, mbona lile halikumfuata?"

Wazee wakatazamana. Walikuwa wamekaa na jambo hilo miaka yote wasiliulize. Bi Zaituni naye akafanya alilolizoea, akashuku. Kwa nini mkwe wake anampigania sana huyu? Nani amemfundisha? Akasema, "Basi tumuulize mwenyewe. Kama alijua, aseme. Mwantumu, siku ile ulijua Rukia ana shida?"

Mwantumu akaweka kikombe chini. "Hakuitika."

"Ndiyo, hakuitika. Lakini ulijua kuna maji? Ulijua mtoto anakuja?"

"Hapana."

"Mnaona," akasema Mbwana, taratibu.

"Hakuitika," Mwantumu akarudia, na sasa alikuwa amekasirika, maana alidhani hawakumsikia. "Rukia akiwepo huitika. Siku ile hakuitika. Uliitika wewe. Ukafanya sauti ndogo. Nikasema siyo wewe. Ningekuamini, ningemwita mwingine."

Hakuna aliyecheka. Waliokuwa madunguni siku ile waliikumbuka sauti ile ya kubana, na kicheko chao wenyewe, na kila mmoja akakumbuka mara alizoitika jina lisilo lake. Bi Zaituni akamweka mtoto vizuri mapajani. Tangu siku ile alilala na jambo moja tu: Je, anakumbuka? Watu walimwambia, huyo hakumbuki kitu, usihangaike. Yeye peke yake katika bonde zima ndiye aliyeshuku kwamba Mwantumu anakumbuka vizuri sana. Shaka yake hiyo, kati ya zote, ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Shabani akamtazama mama yake. "Mama? Ulimwitikia mke wangu?"

"Nilimwitikia," akasema. Sauti ilikuwa ndogo bila kuipunguza. "Nilidhani amelala. Nisamehe, Rukia."

Rukia akamtazama mtoto mapajani mwa mama mkwe. Kisha akasema, "Mtoto mzima, mama. Mpe jina."

Mbwana akajikohoza. Labda aliona haya, sijui. Akainama kwa dada yake. "Mwantumu, wanataka kumpa mtoto jina lako. Unataka?"

Mwantumu akashtuka. "Jina langu? Mimi nitaitwa nani?"

"Utabaki nalo. Mtakuwa wawili."

Akalifikiri jambo hilo, na watu wakamngoja, kitu ambacho hawakuwa na mazoea ya kukifanya. "Nikiita Mwantumu," akauliza, "ataitika?"

"Akikua, ataitika."

"Basi nataka."

Kuruthumu akasema, "Nami nataka. Siwezi kusema sitaki kwa sababu yeye anataka. Msimwonee huruma mkaninyima haki yangu. Hizi hapa," akainua mikono yenye makovu.

Bi Habiba akasema, "Na mimi niliahidiwa. Ahadi ya juu ya maji nayo ni ahadi."

Bi Zaituni alimwinua mjukuu wake mpaka sikio dogo likawa karibu na midomo yake, na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, alionja upande wa pili wa shaka. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, na aliyasoma macho yao. Akimpa Mwantumu, watasema ananunua aibu yake. Akimnyima, watasema analipiza kisasi kwa aliyemfichua. Akimpa Bi Habiba, watasema anajificha nyuma ya ahadi. Akimpa Kuruthumu, watasema kheri mwizi kuliko yule. Alitamani kuwaambia moyo wake ni safi, akakumbuka wangapi walimwambia yeye hivyo, na hakumwamini hata mmoja.

Sasa nisikilizeni nyinyi.

Bila mkunga mtoto asingepumua. Bila mtumbwi mkunga asingefika. Bila mwito mtumbwi ungekwenda kwenye madema. Mmoja alijua anachofanya, akakitia sharti. Mmoja alithubutu, akitoka kwenye wizi. Mmoja hakujua lolote ila kwamba mtu wake hakuitika, na alikataa kudanganywa wakati wenye akili wote walikubali. Msiniambie kwamba huyo wa mwisho ilikuwa bahati tu, mpaka mnieleze kwanza ni nani kati yenu angekaa kwenye tope na ugwe mkononi. Wala msiniambie apewe kwa sababu mnamhurumia, maana mimi nilimwona akinuna, na huruma hakuiomba.

Mtoto anajinyoosha, nyama inapoa, na Bi Zaituni amefungua mdomo. Ni jina gani litoke humo? Je, wewe ungeamua vipi?